Tairi la Mbele

Siku Azzan alipofariki, baskeli yake ilikuwa sebuleni imepinduliwa, kiti chini, na gurudumu la nyuma limelala juu ya mkeka. Alikuwa anavisha tairi jipya. Upande mmoja ulikwishaingia kwenye ringi, wa pili bado, ndipo kifua kilipombana. Akamwambia mkewe asisogeze kitu, anakwenda hospitali mara moja na kurudi.

Nunu hakusogeza kitu. Wanawake wa mji wao wa Ibra waliokuja msibani walipita pembeni, wakikusanya mabuibui yao yasiguse mnyororo, na hakuna aliyeuliza.

Azzan aliianza baskeli baada ya kustaafu, daktari alipomtisha na sukari. Watu walimcheka, mzee mzima kavaa kofia ya plastiki, hata wakachoka kucheka. Kisha binti yake Rawya, mwalimu wa hesabu, akamfuata, na kila Ijumaa baada ya alfajiri baba na mwana wakawa njiani. Nunu mwenyewe hakupanda hata siku moja. Lakini hakuna tairi lililovishwa nyumba ile bila ya vidole vyake, maana ile shubiri ya mwisho ya tairi, inayogoma kuingia kwenye ringi, Azzan hakuiweza. Alikuwa akiita, "Nunu, njoo ummalize huyu."

Baridi hii baba na binti walipanga waende kwa baskeli mpaka mji wa Sur, kwa dada yake Azzan, Bi Mazoon, ambaye miguu yake haimruhusu tena kusafiri. Bi Mazoon alikwishatangaza mtaa mzima kwamba kaka yake atamjia kwa baskeli.

Msiba haujapoa, Rawya akamwambia mamake kwamba yeye atakwenda. Shangazi ameahidiwa, na ahadi ya baba haifi.

Soud, mdogo wake Azzan, alipopata habari alikuja mbio. Nunu alikuwa kwenye eda, hivyo walizungumza kwa pazia, shemegi upande wa majlisi ya wageni, yeye upande wa ndani pamoja na mama yake mdogo, Bimdogo, aliyekuja kukaa naye. Soud alisema mengi: malori, mchanga wa jangwa la Bidiya, maneno ya watu. Mwisho akalegea, kwa sharti moja. Yeye atafuata nyuma kwa gari. Rawya akifika Sur kwa baskeli, hatamkataza tena. Lakini baskeli ikimshinda njiani, akaingia garini, basi iuzwe na mambo yaishe hapo. Rawya akakubali kabla mamake hajafungua mdomo.

Wiki iliyofuata Soud alirudi, akapitisha mfuko chini ya pazia. Ndani mlikuwa na matairi mawili.

"Yametoka Maskati," alisema. "Hakuna ghali kuliko haya. Mtoto wa kaka yangu hatembelei tairi la rahisi."

Bimdogo alikohoa. "Wenzako wakiwa eda huletewa udi na halua," akamnong'oneza Nunu. "Wewe unaletewa spea."

Nunu alilitia tairi moja mkononi. Lilikuwa jepesi, laini kama manda ya sambusa. Alilijua. Azzan aliwahi kununua namna hiyo hiyo, akarudi siku ya kwanza anacheka kama mtoto, akisema njia imefupishwa. Juma halikwisha, mwiba wa mtende ukalitoboa katika kichochoro cha mashamba, na baada ya hapo mgunga, na baada ya hapo kipande cha chupa. Zamani alikuwa na yale ya bei ya chini, magumu kama ukuti, na alikuwa akisema anapiga pedeli kama anayeburura gunia. Mwisho akatulia kwenye yale ya kati, aliyoyapata duka moja la Nizwa, yenye utando mgumu chini ya mpira.

"Ghali si uongo, Nunu," alimwambia siku moja wakiwa wameinama pamoja juu ya ringi. "Linakwenda kweli, na kwenye kona linashika kweli. Ila ngozi ya kupigana na miiba halina."

Sasa amwambieje Soud? Akiyavisha yote mawili, mwanawe huenda asifike. Akiyarudisha, atamvunja moyo mtu ambaye hakutoa chozi mbele ya watu, ila alikwenda Maskati kununua matairi.

"Shemegi," alisema, "Mungu akulipe. Moja nitalivisha mbele. Mbele ndiko kunakoongoza, na kona hushikwa na mbele."

"Na nyuma?"

"Nyuma kuna uzito wote, na nyuma ndiko kunakotoboka. Huko lipo la kaka yako."

"Lipi?"

"Alilokuwa akilivisha. Hakulimaliza."

Soud akasema, kwa sauti ndogo, "Basi limalize, dada."

Jioni hiyo Nunu aliketi mkekani, akalipakata gurudumu. Tairi lilikuwa limekauka katika umbo aliloliacha Azzan. Alilisukuma kwa vidole gumba pole pole, mpaka likaingia. Halafu akalivua lote, akampa Rawya. Alimfanya avishe na kuvua vile kila siku, mpaka vidole vya binti vikaota sugu.

Siku ya safari Nunu aliishia kwenye kizingiti. Akasoma dua, akasikia gari la Soud likitoka nyuma ya baskeli, akarudi ndani.

Simu ililia jua likiwa utosini.

"Tumepita Al Kamil," alisema Soud. "Limetoboka."

Nunu akauliza, "Lipi?"

Soud akajibu, "Langu."

Nunu alikaa chini. Soud akaendelea. Alikuwa amekwishafungua buti aipakie baskeli, Rawya akamwambia, "Ami, samahani, wewe kaa garini. Hujaitwa." Akavua, akatoa mwiba, akatia mpira mpya wa ndani, akavisha. "Kwa vidole vitupu," Soud alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mpaka ile shubiri ya mwisho. Kama Azzan yule yule."

"Azzan ile ya mwisho alikuwa akiniita mimi," alisema Nunu.

Soud alicheka, na Nunu akajisikia anacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Bimdogo alimtazama, akageuza uso, akajifuta kwa mtandio.

Walipofika Sur, Bi Mazoon alikuwa nje kwenye kiti pamoja na majirani, na vigelegele vilisikika hata kwenye simu. Tairi la nyuma lilikutwa na miiba miwili iliyoingia na kukwama, hakuna uliopenya. Rawya akamwambia ami yake, mbele ya watu wote, kwamba kwenye kona za milimani lile la mbele ndilo lililomshika. Soud alisimama wima kama aliyevishwa nishani, na habari ya kuuza baskeli hakuitaja tena.

Eda imekwisha. Kila Ijumaa baada ya alfajiri Nunu hujaza upepo, la Soud mbele, la Azzan nyuma, na Rawya hutoka. La nyuma limeanza kulika. Mwezi ujao Nunu atakwenda Nizwa kununua jengine la namna ile ile.