Friji ya Zahanati

Mama mkwe alichukua kikombe cha chai cha mjukuu wake, akakinusa, akalamba ukingo.

"Haina sukari," alisema mkwewe, dobi wa zahanati.

"Leo tu."

Tangu mtoto huyo, Chiriku, augue kisukari, bibi huyo alikuwa akimvizia mke wa mwanawe kama mwizi: ananusa vikombe, anapekua mifuko. Daktari alishaeleza mbele yao wote. Mtoto alianza na homa kali ya mafua. Huenda virusi vile viliichokoza kinga ya mwili, ikazigeukia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Si kosa la mtu, alisema. Mama mkwe aliguna. Mafua yalete kisukari? Mbona wote huugua mafua? Mtoto kalishwa peremende, basi.

Na kweli sindano za insulini za zahanati hazikumsaidia. Chiriku, aliyekuwa hafungi mdomo kutwa, sasa alilala tu, akiomba maji, akikojoa, akiomba tena. Hata dobi alianza kujishuku.

Siku hiyo alirudisha shuka safi za zahanati, akapitia mlango wa nyuma. Muuguzi mkuu alikuwa amefungua friji. Juu hadi chini zilijaa soda, zile alizokuwa akiwauzia wagonjwa. Boksi la insulini lilikuwa dirishani, linaota jua.

Dobi alitoa kichupa kimoja. Kilikuwa cha moto.

"Dada, hii si hukaa kwenye baridi, isiharibike?"

"Nani kakufundisha?"

"Ninyi wenyewe."

Muuguzi alifunga friji taratibu. "Mama, kufua shuka zetu kumekuchosha? Wanaoitaka kazi hiyo wamejaa tele. Na dawa ya bure, sijui utaipata wapi." Kisha akatabasamu, akachomeka soda moja katikati ya shuka chafu kapuni. "Mpelekee mtoto, roho yake ipoe. Na hicho kichupa ulichoshika, chukua."

Dobi alikifumba kichupa kiganjani.

"Asante," alisema.

Nyumbani, hata hajatua kapu vizuri, mama mkwe alishaingiza mkono. Akaitoa chupa, bado inatoka jasho, akaenda nayo mlangoni majirani waione.

"Si niliwaambia? Njooni mumwone anayemuua mjukuu wangu!"

Kitandani Chiriku alijiinua kwa kiwiko, macho kwenye ile chupa, akalamba midomo yake mikavu.

Dobi alifungua kiganja. Kichupa kilikuwa bado na joto la dirishani, na hakuwa na kingine. Akachukua sindano, akaanza kuvuta dawa.