Resi Tatu za Alfajiri

Gerejini kwangu Kambarage, nilifungua injini ya gari la turbo la mume wangu, Selestine, nikasonya. Kemshafti, mhimili unaofungua vali, ya miezi minne tu, nundu zake zimelika kama sabuni! Oili ilikuwa safi na pampu nzima.

"Alfajiri ukiwasha unafanyaje?" nikamuuliza.

"Napiga resi tatu, naondoka kwenda Kharumwa."

"Kabla oili haijapanda? Vyuma vinasagana vikavu! Injini husalimiwa kwanza, mwangaluka, ndipo itumwe! Nani kakufundisha upuuzi huo?"

Akainama. "Unakuwa umelala, Mama Asteria. Ndivyo ninavyokuaga."

Nikafuta mikono polepole.

"Nikishafunga kemshafti nyingine, utawasha, utaiacha ingurume taratibu, urudi ndani uniamshe. Tutaagana mpaka oili ipande."