Karanga za Kujipongeza

Mwalimu aliwaambia watoto wa darasa la tatu wajipongeze wenyewe kila wanapomaliza kazi. Kidoti akalishika neno hilo kwa mikono miwili. Jioni alipanga karanga kumi mezani, kando ya cherehani ya mama yake, moja kwa kila hesabu.

Ya kwanza aliila kabla hajaandika chochote.

"Hiyo ya nini?" mama aliuliza, macho yakiwa kwenye pindo la sketi.

"Ya kuchonga penseli, mama."

"Na hiyo nyingine?"

"Ya kuandika tarehe."

Mama alicheka chinichini. "Bosi wako ni mkarimu, mwanangu. Hana nafasi ya fundi cherehani?"

Kidoti aliona haya. Hesabu mbili za kwanza alizifanya bila kujipa kitu. Ya sita ilimshinda, mama akamwelekeza mpaka ikatoka. Zote kumi zilipokwisha, karanga moja ilikuwa bado mezani.

"Mbona hujaila?"

"Ya sita ulinisaidia. Hiyo ni yako."

Mama alisimamisha cherehani, akaitafuna karanga ile polepole. Tangu asubuhi alikuwa ameshona sketi tisa, na hakuna aliyemwambia hata ahsante.