Siku Stata Ilipopona

Mke alishaapa: gari lile likimkosesha dada yake basi la saa nne, kesho yake linauzwa chuma chakavu. Siku moja kabla ya safari, mumewe alikuwa amebadilisha kimyakimya stata, kile kifaa cha kuwashia injini, ikammezea nusu ya mshahara.

Asubuhi mizigo ikapakiwa, ikajaa hadi kiti cha mbele. Mume akakaa kwenye usukani, akazungusha ufunguo, na injini ikanguruma papo hapo! Akaondoka kwa madaha.

“Mke wangu, umeona? Ya kale dhahabu!” alisema njiani, macho mbele, maana kioo cha kutazamia nyuma kilishadondoka zamani. Kimya. “Na wewe shemeji, leo umemeza ulimi?” Kimya. Akajua wameona haya, akazidi kuwatambia mpaka stendi.

Hapo ndipo alipogeuka. Viti vya nyuma vyote vitupu.

Akarudi mbio. Mke, shemeji na watoto walikuwa bado barabarani, pale walipojipanga nyuma ya gari kusukuma, kama walivyozoea miaka sita. Saa nne ilishapita.

Mke alicheka mpaka akakaa chini.

“Haliuzwi, limepona,” alisema. “Dada, sasa tumtafutie fundi huyu shemeji yako.”