Makubadhi ya Mbaruku

Hivi wewe, mwenzangu, ni mke au ni mjane? Ndivyo Bi Chausiku, jirani wa ukuta mmoja, alivyomwuliza Mwantumu siku moja wakichambua mchele, na swali lile halikutoka tena ndani ya nyumba. Mumewe Mwantumu, Mbaruku, kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni kwa boti katika ghuba ya Tanga, na miaka imepita tangu alipoondoka asubuhi moja pekupeku, kama ilivyo desturi yake ya kazini, boti ikarudishwa na maji, yeye la. Makubadhi yake yapo palepale mlangoni, ncha zimetazama nje, maana Mbaruku akivua viatu, iwe msikitini iwe nyumbani, lazima avigeuze, ili akitoka asihangaike. Mwantumu anafagia kwa kuyazunguka. Eda hakukaa, atakaaje na maiti hakuiona? Sheikh ameshamwambia kwamba muda umetosha, lililobaki ni la moyo wake. Sasa Shekue, kaka yake Bi Chausiku, ameleta posa, na jibu linatakiwa leo baada ya alasiri. Mwantumu anaswali adhuhuri, anamwomba Mola amwonyeshe, anajilaza kwa ubavu wa kulia juu ya mkeka, na usingizi unapomchukua mkeka unayumba, kumbe chini yake pana maji.

Ni boti, na jua ni la mchana, na wageni wamekaa mbele wamempa mgongo. Anayeshika usukani amevaa jaketi la rangi ya chungwa, na pale penye uso hapana kitu, pameenea weupe kama ndani ya kikombe kilichosuuzwa. Mwantumu anavuta ushungi wake vizuri, maana mwanamume ni mwanamume hata kama hana uso. Yule anamwuliza anakwenda kisiwa gani. Anajibu kwamba hatafuti kisiwa, anamtafuta mumewe. Yukoje? Mwantumu anafungua mdomo amweleze, macho yake, pua yake, na hakuna kinachokuja, anaona shati tu, anaona mikono inakunja kamba. Nahodha anacheka kidogo. Mama, anasema, huyo unayemtafuta, yeye ndiye aliyepotea au ni wewe uliyempoteza? Mwantumu anatazama maji. Wanapita kisiwa cha Toten, wanaiacha nyuma na makaburi yake ya kale, na wakimaliza kuiacha inatokea tena mbele, wanaiacha tena, halafu ni Ulenge, na mnara wake wa taa umesimama ndani ya maji kichwa chini, na chini ya mnara kuna mji mzima, barabara zinakwenda na haziishi, na katika barabara mojawapo anaiona nyumba yake mwenyewe, na uani Bi Chausiku anaanika kanga kwenye kamba iliyo chini ya miguu yake. Anataka kumwita, kisha anaona haina haja. Kila boti inavyokwenda mbali na mji ndivyo mji unavyosogea.

Boti inagusa mchanga. Nahodha anamwambia ateremke, hapa ndipo wanaposhuka wanaouliza. Mwantumu anapanda njia ya mawe, na juu kuna msikiti wa watu wa zamani, hauna paa, kibla chake bado kizima, na ndani watu wanaswali kwa safu, migongo tu ndiyo anayoiona. Mlangoni viatu vimejaa, vyote vimetazama ndani. Anavipita kimoja kimoja mpaka anaona makubadhi ambayo gidamu yake, kile kikanda cha kidoleni, imeshonwa kwa uzi mwekundu, na uzi ule ni wake, ameushona mwenyewe. Nayo yametazama ndani. Mwantumu anainama na kuyageuza yatazame nje, kwa mazoea tu, kama mke anavyomwekea mumewe maji ya kunawa.

Swala inakwisha. Anatoka mtu, uso hana, anasimama penye makubadhi, anainama, anayarudisha kama yalivyokuwa.

Umesahau kuyageuza, Mbaruku, anamwambia.

Mimi nimefika, Mwantumu. Ya nini tena kugeuza?

Sauti ni ileile, na mkono uliogusa gidamu ni uleule. Anamwuliza, na mimi je? Anaambiwa, wewe alasiri yako bado. Kisha yule mtu anarudi kwenye safu, na migongo inafanana, hajui tena upi ni wake.

Adhana inasikika, ya msikiti ule au ya mtaani, na Mwantumu ameketi juu ya mkeka. Bi Chausiku amesimama mlangoni, mwanga uko nyuma yake, uso wake hauonekani. Haya, shoga, anasema, Shekue ananingoja, nimpelekee lipi? Mwantumu hamtazami yeye, anatazama makubadhi. Ncha zake zimetazama ndani.

Umeyagusa wewe?

Mimi niguse viatu vya mtu? Ndiyo kwanza naingia.

Mwantumu anainuka, anayaokota, anayapiga soli kwa soli, na mchanga mbichi unadondoka sakafuni. Anayaweka chini ya kitanda. Mwambie Shekue, anasema, kwamba mimi ni mjane tangu leo, na leo ninaingia eda. Nikitoka, na aje aniulize mwenyewe.

Bi Chausiku anautazama ule mchanga. Anavuta ushungi, anageuka, anatoka.