Bwana Harusi Yuko Hewani

Mwanangu, fundi baiskeli, alipomkubalia Bwana Saruji amwoe mjukuu wangu, mtoto wa darasa la saba, nilimkatalia nimekaa, nikamkatalia nimesimama. Akanijibu, "Mama, neno nimeshalitoa. Wewe tuombee dua tu." Nikaomba. Lakini Mungu akikupa kinywa na kipaza sauti, hajakuambia uombe kimya kimya.

Bwana Saruji ndiye muuza saruji wetu, tumbo mbele, marashi nyuma. Nami tangu nifiwe na mume wangu naongoza kipindi cha Pongezi katika redio yetu ya jamii, chumba kimoja kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili sauti isirudi. Desturi yetu ni kwamba anayeoa anakuja, anamsifu mchumba wake, na majirani wanapiga simu kumpongeza. Nikamtumia salamu kwamba zamu yake imefika. Mpenda sifa humwiti mara mbili.

Alikuja na kofia mpya, akavaa vipokea sauti juu yake.

"Bwana harusi," nikamwambia, "jina la mwali tuliache, tusimtie kijicho. Tupe sifa zake."

"Ana adabu. Halafu ana mbio."

"Mbio za wapi?"

"Za shule. Mwaka jana alileta kikombe."

Binti wa mitambo, anayetuendeshea matangazo, akajiziba mdomo kwa mtandio.

"Mungu amzidishie. Na nyumbani anapenda nini?"

"Kuruka kamba. Akianza haachi mpaka aitwe kula."

"Na wewe mwenzake, unaruka?"

"Mimi magoti hayaniruhusu, bibi."

Kuniita bibi, na meno ya utoto tuling'oka mwaka mmoja.

Simu ikalia. "Baba, shikamoo." Alikuwa binti yake mkubwa, mwalimu wa hesabu.

"Marahaba, mwanangu. Umepiga kunipongeza?"

"Nimepiga kuuliza. Mama mdogo yumo darasani kwangu, na zoezi la sehemu hajamaliza. Nikirudi ndani nimwamkie, au nimpe daftari asahihishe kwanza?"

Hapo redio za mtaa mzima zikapandishwa sauti, vicheko vikaingia dirishani kabla ya simu nyingine. Muuza nyama akauliza fungate ni lini, au wanangoja shule ifungwe. Mkunga akasema, "Huyo nilimpokea kwa mikono hii. Nawe Bwana Saruji ulikuja kumpongeza babake, na mvi tayari ulikuwa nazo." Kisha sauti laini, ya afisa ustawi wa jamii: "Hongera, bwana harusi. Usitoke hapo, nakuja kukupongeza mwenyewe. Na kitabu cha sheria nakibeba."

Bwana Saruji alitoka. Alitoka na vipokea sauti masikioni, waya ukamrudisha mlangoni, binti wa mitambo akamfungua taratibu kama mbuzi aliyejizungushia kamba. Nilicheka mpaka nikamwomba Mungu msamaha, kisha nikacheka tena.

Lakini moyo haukutulia. Bwana harusi kukimbia si baba kukataa. Waposaji hawaishi, kesho angekuja mwingine na kofia yake.

Simu ikalia. Nilisikia kwanza pampu ya baiskeli, halafu ikanyamaza.

"Mama."

"Uko hewani, mwanangu."

"Najua niko hewani. Wamejaa hapa kibandani, kila mmoja na redio yake, wananitazama." Akakohoa. "Harusi haipo. Si kwa huyo, si kwa mwingine. Mtoto asome."

Nikamtazama binti wa mitambo, naye alikwishaelewa, anapandisha sauti.

"Rudia, baba. Wa ng'ambo ya mto huwa hawapati vizuri."

Akarudia. Walipata, maana walianza kupiga simu wakimpongeza yeye, mmoja baada ya mwingine, mpaka tukala muda wote wa taarifa ya habari. Msomaji wa habari mwenyewe alikaa chini na karatasi zake, akaomba naye apewe nafasi atoe pongezi.