Ua la Kizingitini Halihesabiki

Jumamosi asubuhi Notburga alikuwa jikoni akikanda unga wa mkate mweusi, na maua ya edelvaisi yakaota ukutani juu ya jiko. Ni yale meupe yenye manyoya, ambayo kwa kawaida huota juu majabalini, mbuzi wenyewe wanapokosa pa kukanyaga. Mama yake aliyasogeza kidogo akatundika sufuria. Kufika mchana yalikuwa yamejaa kizingitini na kwenye mabega na mgongo wa blauzi ya Notburga.

Katika bonde lile la Tiroli, kwenye milima ya Alpi, kijana haposi mikono mitupu. Hupanda jabali akamletea msichana ua hilo, naye hulivaa kifuani kanisani ili watu waone. Wengi hurudi. Asiyerudi huimbiwa vizuri mazishini, kisha lawama hupelekwa kwa msichana. Notburga alikwisha kubebeshwa vifo vya wawili, na hakumtuma hata mmoja. Kumtuma! Nani mwenye akili zake atamtuma mtu akafe kwa ajili ya ua lisilo hata na harufu?

Wa tatu alikuwa Vigil, mtengeneza jibini, na huyu Notburga alimpenda. Vigil alipopita mchana ule kuleta siagi, Notburga alimsogezea bega.

"Chuma hapa. Nyoosha mkono tu, yaishe."

Vigil alicheka, uso umemwiva. "Wee Burgl," alisema, akilifupisha jina lake kama alivyozoea, "unataka nichekwe baa? 'Mwoneni huyo, kachuma ua jikoni kwa mama mkwe!' Ua la kizingitini halihesabiki."

"Anayehesabu nani?"

"Wanaume wenzangu, nani mwingine?"

"Kwani unawaoa wao? Haya, panda. Lakini usinitaje mimi. Sema umewapandia wao!"

Alipanda Jumapili baada ya misa. Jumatatu walimshusha amelazwa juu ya ubao.

Hakuna aliyeuliza angechekwa na nani. Padri alisema kijana amekufa kwa ajili ya mapenzi. Wale wa baa walivua kofia zao, kila kofia na ua lake, wakalia. Walilia kweli, na hilo ndilo linalokera.

Shada la kaburini lilihitaji edelvaisi, na majabalini kulikuwa na ukungu. Kwa hiyo mama yake Vigil alikuja kwa kina Notburga na vikapu, pamoja na majirani wawili. Walichuma ukutani, wakachuma kizingitini. Ya jeneza, kumbe, yanahesabika.

"Umeniulia mwanangu," mama yake Vigil alimwambia Notburga, akichuma begani kwake. "Hebu geuka, mwanangu. Ya mgongoni ndiyo makubwa."

Notburga akageuka. Walichuma mpaka vikapu vikajaa.